Mgongo wa Fundi Cherehani

Mwanangu, juzi ulipokuja hapa kwangu Sonatubes na mkeka wako mpya wa mpira umeubana kwapani, ukaniambia kwamba umeshaanza yoga na kuacha mara kadhaa lakini safari hii huachi, nilicheka, nawe ukanuna. Sikukucheka wewe. Nilikuwa nimekumbuka asubuhi moja ya mwaka wa tisini na moja, kule Nyakabanda, mtaa mwingine wa Kigali hii hii, nilipotaka kuinuka kwenye kigoda cha cherehani nimpe mteja gauni lake, na kiuno kikakataa.

Kilikataa kabisa. Nilibaki nimeinama nusu, mkono mmoja juu ya meza, mwingine umeshika gauni la watu. Mteja alikuwa mama mmoja mwenye haraka zake. Akanitazama, akasema, "Sasa wewe binti, iko nini? Leta robe yangu niende." Nikamwambia nakuja. Sikuja. Ilibidi Shangazi aache kazi yake, anishike chini ya makwapa na kuniinua kama gunia la maharage, na yule mama akalichomoa gauni lake mwenyewe kutoka mkononi mwangu. Nililia kwa maumivu, na kwa aibu zaidi. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, sijaolewa, sijazaa, na nilikuwa nimesimamishwa na mtu mwenye umri wa bibi yangu.

Nikueleze kwanza huyo Shangazi ni nani, maana bila yeye sina la kukufundisha. Shangazi Zaina alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba yangu. Alikulia Tabora, ambako babu alikwenda na biashara zake ndogo ndogo akakaa miaka mingi kuliko alivyokusudia, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha sisi wengine wa Kigali, na ulimi wake vilevile. Aliolewa huku, akafiwa na mume, hakujaaliwa mtoto, akabaki na nyumba ya vyumba viwili Nyakabanda na baraza mbele yake. Kwenye baraza hilo kulikuwa na cherehani mbili za kukanyaga kwa miguu. Moja yake, moja yangu.

Alinichukua kutoka Gahanga, kwa mama, ambako tulikuwa tunalima maharage na mihogo, kwa sababu macho yake yalikuwa yanaondoka. Alikuwa bado anaona watu na njia, ila tundu la sindano lilikuwa linamkimbia. Siku aliyonileta aliniambia bila kuzungukazunguka: "Nikishindwa kushona, baraza hili ni lako, ukiweza kulikalia." Kwa hiyo elewa, mwanangu, kilichokuwa pale si kiuno tu. Nikishindwa kukaa kwenye cherehani, narudi Gahanga. Na mgongo usioweza cherehani, jembe utaliwezea wapi? Ningekuwa mtu wa kukaa mlangoni na kuhesabiwa chakula, na Shangazi angefunga kazi yake ya maisha yote.

Nilikwenda kwa muuguzi kwenye zahanati. Alinipima, akanipa vidonge, akaniambia nipumzike na nipunguze kukaa kitako. Alisema kweli tupu, sina la kumlaumu. Ila fundi wa nguo akae wapi kama si kitako? Nilirudi nikamweleza Shangazi. Akasikiliza huku anakata uzi kwa meno. Jirani yetu, fundi mmoja wa suruali mwenye baraza upande wa pili wa njia, alikuwa ameshaanza kuuliza kwa mbali kama cherehani ya pili inapangishwa, kwani habari za mgongo wangu zilivuka njia kabla yangu. Shangazi akasema tu, "Kesho ukishasali alfajiri, usirudi kitandani. Njoo chumbani kwangu."

Nilikwenda. Nilipofungua pazia nilipiga ukelele, maana nilimkuta chini, amelala chali juu ya mkeka, miguu yote miwili imepanda ukutani, kitenge kimefungwa vizuri kwenye vifundo kisiteremke. Nilidhani ameanguka. Akageuza kichwa polepole akaniambia, "Acha kelele, utaamsha majirani. Lala hapa."

Shangazi alikuwa mnene, mwanangu, usimwone kichwani kama wale wasichana wembamba wa kwenye simu yako. Tumbo lake lilikuwa tumbo. Lakini alikaa sakafuni na kuinuka bila kushika kitu, na mimi niliyekuwa mwembamba nilishuka kwa kujiegemeza ukutani kama mzee.

Alinihadithia asubuhi hiyo tukiwa bado tumelala, miguu juu. Alipokuwa msichana Tabora, alikuwa anapiga pindo na vitundu vya vifungo kwenye nyumba ya fundi mmoja Mhindi. Pale walishona wamekaa chini, kutwa nzima. Mama wa nyumba ile, bibi kizee, alikuwa hamruhusu msichana yeyote kushika mkasi kabla hajanyoosha mgongo pamoja naye. Yoga, ndivyo alivyoiita. Kunyoosha, kukunja, kuvuta pumzi na kuitoa, kisha kazi. Shangazi aliolewa, akahama nchi, akafiwa, na hakuiacha. Na mimi niliyekuwa nimelala chumba cha pili sikuwahi kujua, kwa sababu baada ya sala nilikuwa narudi kulala fofofo.

Nikamuuliza swali ambalo najua hata wewe umeulizwa na watu wa nyumbani kwenu. "Shangazi, hii si dini ya Wahindi?"

"Umesali?"

"Nimesali."

"Umetoa salamu?"

"Nimetoa."

"Basi sala imekwisha. Yule bibi alikuwa na ibada zake, mimi nina zangu, hatukuchanganya. Sasa ni zamu ya kiuno. Vuta pumzi."

Mkao wa kwanza alionipa ulikuwa kukumbatia magoti kifuani nikiwa chali, na kupumua. Wa pili kupiga magoti na mikono chini, kuupandisha mgongo kama paka aliyeudhiwa, kisha kuushusha. Na hiyo miguu ukutani. Ndiyo hiyo tu. Siku chache baadaye niliweza kuinuka kwenye kigoda peke yangu, na mwezi haujaisha maumivu yalikuwa yamerudi nyuma kabisa.

Hapo ndipo kichwa kiliponivimba. Nilijiona nimefika. Nikaanza kumsumbua Shangazi anipe mikao mingine, ile migumu, ile ya kujipinda. Yeye ananipa mmoja, mimi nataka mitatu. Kisha mvua zikaja, asubuhi za Kigali unazijua zinavyokuwa na baridi, na kwa kuwa kiuno hakiumi, nikaona hakuna ubaya nikilala kidogo. Leo nalala, kesho nafidia. Nikahamishia mazoezi yote Jumapili, siku ambayo wateja ni wachache. Jumapili nafanya mchana kutwa mpaka jasho linatiririka, Jumatatu nakaa kwenye cherehani nimekauka kama ubao, halafu sigusi mkeka mpaka Jumapili nyingine. Nikajisifu kwamba kwa jumla nafanya mengi kuliko Shangazi. Ukiwa kijana unaweza kujidanganya kwa hesabu hata kama shule ulisoma kidogo.

Shangazi hakusema kitu. Aliendelea na yake, pole pole, kila alfajiri, na mimi nikisikia mkeka wake unakunjwa najifunika vizuri. Angenigombeza ningejua la kujibu. Kimya chake kilinifanya nidhani hana neno.

Ikaja Septemba. Wewe umesoma shule za siku hizi, lakini wakati ule kufungua shule ilikuwa ni kaki kwa wavulana na magauni ya bluu kwa wasichana, na kila mzazi wa Nyakabanda alikumbuka sare siku moja na mwenzake. Baraza lilijaa vitambaa hadi mahali pa kuweka mguu palikosekana. Nikaacha hata ile Jumapili. Nilikuwa nakanyaga cherehani tangu kunapambazuka mpaka macho yanawasha. Mgongo ukaanza kuniita tena. Nikaufungia kitenge kwa nguvu na kuendelea.

Basi katikati ya purukushani hiyo akaja Consolata, msichana wa duka la jirani, rafiki yangu wa kupiga soga. Alikuwa na karatasi ya gazeti la Kifaransa waliyofungia sabuni, na kwenye karatasi kulikuwa na picha ya mwanamke amekaa miguu mbele, amejikunja hadi paji la uso limegusa magoti.

"Mwamini, angaria huyu muzungu!" akasema. "Anakunja mwili kama shuka. Ndiyo ile muko munafanya na shangazi yako?"

"Ndiyo hiyo," nikasema, na sijui kwa nini niliongeza, "hata mimi naiweza."

"Aka! Weye iko na mugongo mubaya. Huwezi."

Mwanangu, kama kuna neno lililonigharimu katika maisha yangu yote ni hilo la huwezi. Nilishuka kwenye kigoda nikakaa palepale juu ya vipande vya kaki, miguu nikaitupa mbele, nikashika vidole vya miguu na kujivuta. Sikufika. Nikavuta tena. Consolata anacheka, mimi navuta, nimebana meno na pumzi nimeizuia kifuani. Mara nyuma ya paja la kulia kitu kikaachia, nikakisikia kabisa, na moto ukapanda hadi kiunoni. Niliinama upande, sikuweza hata kupiga kelele. Consolata akaacha kucheka.

Huo mguu wa kulia ndio niliokuwa nakanyagia.

Shangazi alitoka ndani, akatazama, akatazama na ile picha chini, akaelewa. Alimwomba Consolata amsaidie kunilaza kitandani, akamshukuru kwa adabu, akarudi kwenye baraza. Jioni hiyo yule fundi wa suruali alivuka njia. Niliwasikia kupitia ukuta. Aliuliza safari hii bila kuzunguka: kama msichana amelala, cherehani akae nayo yeye, na sare zilizobaki atamalizia. Shangazi akamwambia, "Ngoja nione mpaka mwisho wa mwaka." Nililala pale nikijua mwisho wa mwaka ndiyo tarehe yangu.

Siku iliyofuata Shangazi alikaa kwenye cherehani mwenyewe, na macho yake yale. Akaniita nichechemee nje, akaniketisha pembeni kwenye kiti chenye mto. Yeye akanyage, mimi niwe macho yake na niongoze kitambaa. Tulishona magauni namna hiyo, mikono yangu na miguu yake. Mimi nilikuwa na aibu na haraka, nataka tumalize nionekane bado nina faida. Kwa hiyo nikaanza kukivuta kitambaa kwa nyuma kiende mbio. Sindano ikakatika, kipande kikaruka juu ya meza.

Shangazi akaweka mkono kwenye gurudumu la cherehani, ikasimama. Hakugeuka.

"Kitambaa kinasogezwa na nani?"

"Na vile vimeno vya chini, Shangazi."

"Mkono kazi yake nini?"

"Kuongoza."

"Na ukivuta?"

"Sindano inavunjika."

"Unajua. Umejua tangu wiki ya kwanza uliyofika hapa. Sasa niambie, jana ulikuwa unavuta nini?"

Ndipo akanigeukia, na macho yalikuwa yamemjaa machozi, jambo ambalo sikuwahi kuliona hata kwenye msiba wa baba. "Mimi sioni, Mwamini," akasema. "Unasikia? Tundu la sindano silioni, mstari wa chaki siuoni. Nimekaa kimya nikadhani utarudi mwenyewe alfajiri. Kumbe wewe unangoja Jumapili uushindilie mgongo wako kazi ya wiki nzima, halafu unakwenda kumwonyesha Consolata. Mgongo huo hukupewa wa kuonyesha watu. Nikikupoteza wewe, hapa nimefunga."

Kunigombeza nilikuwa nimezoea. Kuhitajiwa sikuwa nimezoea. Nilijisikia vibaya hadi nikakosa mahali pa kuangalia, nikaokota kile kipande cha sindano na kukishika tu.

Jioni akanipa masharti yake, na ndiyo haya ninayokupa wewe leo, usidhani nimeyatunga. Kwanza, nitafanya kidogo mno. Nilipomuuliza kidogo kiasi gani, akasema kiasi ambacho hata nikiamka nina homa sitakuwa na kisingizio. Kulala chali, kukumbatia goti la mguu mzima, mgonjwa niuache unyooke. Kupumua. Miguu ukutani. Basi. Pili, nitafanya mara tu nikishatoa salamu ya alfajiri, kabla ya chai, kabla ya kufagia, kabla ya neno lolote. "Sala hujiulizi kama unajisikia kusali," akasema. "Ukishaamka umeamka. Basi huo mgongo uufunge hapohapo nyuma yake, usipate nafasi ya kujadiliana nawe." Tatu, mkeka utandikwe tangu jana yake, pale ambapo lazima niukanyage nikitaka kutoka chumbani. Na nikitamani kuongeza mkao, niseme nitaongeza kesho. Kesho yake nikitamani tena, niseme vilevile.

Niliona aibu kwa ule udogo wake. Msichana mzima nimelala chini nakumbatia goti moja kama mtoto mchanga! Na kulichosha, sikufichi. Asubuhi nyingi hakikutokea chochote. Hakuna mwanga, hakuna utulivu wa ajabu, ni mimi tu na dari na panya juu ya dari. Mara nyingi nilikuwa nawaza chai.

Lakini kwa vile hakukuwa na mkao mgumu wa kunishughulisha, nikaanza kusikia vitu. Nikagundua kwamba nikiwa nimelala tu, bega langu la kushoto liko juu, limepanda karibu na sikio, na sijui limepanda tangu lini. Nikalishusha. Kesho yake nikalikuta juu tena. Nikagundua pia kwamba nabana meno. Na siku moja, mguu umeshapona kiasi cha kukanyaga, nilikuwa naweka zipu kwenye gauni la bibi harusi, nikajikuta sipumui. Kweli, sipumui kabisa! Tangu mwanzo wa zipu hadi mwisho nilikuwa nimezuia pumzi, bega liko juu, meno yamebana. Nikatoa pumzi, bega likashuka lenyewe. Nikamwambia Shangazi kama mtu aliyeokota dhahabu. Akasema, "Sasa umeanza," akaendelea na kazi.

Mimi nilikuwa nimedhani kwenda ndani zaidi ni kujikunja zaidi, paji la uso lifike gotini, kisha lipite. Kumbe nilikuwa nimeingia ndani zaidi nikiwa nimelala chali na goti moja. Tangu hapo mgongo haukuhitaji kupiga kelele ndipo niusikie. Ukinong'ona tu nainuka, nazunguka baraza, nakaa tena.

Yule fundi wa suruali hakuvuka njia mwisho wa mwaka, maana aliniona nimekaa kwenye cherehani. Lakini Shangazi alikuwa bado hajamaliza nami. Mwaka mpya ulipoanza, siku moja aliniambia, "Kuanzia kesho nitafanya kwangu, wewe fanya kwako. Pazia tulishushe." Nilinung'unika. Nilizoea kusikia pumzi yake, nikichelewa ananikoholea. Nikamwambia peke yangu nitafanya vibaya. Akasema, "Fanya vibaya. Mimi siishi milele."

Basi nikafanya vibaya. Asubuhi nyingine nilidanganya, nikakumbatia goti huku masikio yako kwenye redio ya jirani. Siku nyingine nililala mkekani usingizi kabisa. Na siku zile redio ilikuwa na ya kusema, kwa sababu vita vilikuwa kaskazini, mjini kulikuwa na vizuizi barabarani, na mara kwa mara tulisikia guruneti limetupwa sokoni au kwenye kituo cha magari. Kuna siku baraza halikufunguliwa kabisa. Siku hizo nilikuwa nalala pale nikipumua na moyo unadunda, na pumzi haikuuzuia kudunda. Nilipumua hivyohivyo. Polepole nikajua lipi ni la Shangazi na lipi ni langu. Yeye alipenda miguu ukutani kwanza. Mimi mwili wangu ulitaka paka kwanza. Nikabadilisha, wala sikumwomba ruhusa. Nikaongeza mkao mmoja wa kuinua kiuno, nikauacha mmoja wa kujipinda ulionisumbua paja. Yakawa mazoezi yangu.

Septemba ya tisini na mbili vitambaa vilijaa tena. Kaki na bluu hadi mlangoni. Safari hii nilishona msimu mzima, na sikuruka alfajiri hata wakati nilipokuwa nimelemewa kiasi cha kusahau kula. Siku ya mwisho, gauni la mwisho limechukuliwa, yule fundi wa suruali alivuka njia kwa salamu tu, na katika mazungumzo, kwa mazoea, akamuuliza Shangazi ile cherehani ya pili mipango yake ikoje.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, amekunja mikono. Cherehani yake yeye ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa tangu wiki iliyotangulia, na hakuna aliyelizungumzia hilo, si mimi wala yeye. Akamwambia, "Zote mbili zina mwenyewe. Muulize yeye."

Nilijifanya natafuta bobini ya uzi chini ya meza, nikakaa huko chini mpaka uso wangu uliporudi kawaida.

Mwaka wa tisini na nne sitakusimulia hapa, mwanangu. Unaujua, na nyumbani kwenu mnao wenu wa kuwakumbuka. Shangazi Zaina hakuumaliza mwaka ule, na cherehani sikuzikuta. Nitakwambia jambo moja tu kwa sababu linahusu mkeka wako. Usikubali mtu akwambie kwamba yoga iliniponya na yale. Haikuniponya. Kwa muda mrefu sikufanya chochote, kwa sababu nikilala chali kimya, mambo yalikuwa yananijia, na sikuwa na nguvu ya kuyapokea. Siku niliyoanza tena sikulala. Nilikaa, mgongo nimeuegemeza ukutani, macho wazi, mlango wazi, nikavuta pumzi chache nikaondoka. Kesho yake tena. Ilikuwa kidogo kuliko hata kile kidogo cha Shangazi, na ndicho nilichokuwa nacho. Nilikuwa na mgongo wa kukalia cherehani ya kuazima, nikaikalia, nikala jasho langu, nikawalea watoto wasio na mama pamoja na wangu. Ninalo hilo la kushukuru, na ninamshukuru yeye.

Sasa nasaha yangu, na uishike usije ukaniambia sikusema. Usianze tena kwa kishindo. Chukua kitu kidogo ambacho hata siku yako mbaya kuliko zote utakiweza, ukifunge nyuma ya jambo ambalo tayari hulijadili kila asubuhi, iwe sala, iwe kupiga mswaki, shauri yako. Ukisikia hamu ya kufanya mengi, iache hamu ilale na njaa kidogo, itakuamsha kesho. Mwili usiuvute uufikishe mahali. Uongoze tu, na upumue, na ukigundua umeacha kupumua jua umeshavuka mpaka wako. Ukitaka kwenda ndani, kaa muda mrefu kwenye mkao uleule rahisi uliouchoka, usikilize. Usifanye ili uonekane, si kwangu, si kwenye simu yako. Mwalimu mpende, lakini kuna siku ushushe pazia ufanye peke yako, na ufanye vibaya, mpaka yawe yako. Na utaacha tena, mwanangu, usiniapie. Utaumwa, utazaa, utafiwa. Siku ya kurudi usitafute ulipokuwa umefika. Rudi kwenye pumzi ya kwanza kabisa, bila kujitukana.

Njoo kesho alfajiri ukitaka, mkeka wako uache, ninao wa ukindu. Nami nakuombea: Mungu akupe asubuhi za kawaida, zisizo na habari yoyote, nyingi hadi uzichoke, akupe mtu wa kukuhitaji, na akupe mgongo wa kumbeba. Amina.